Injini inazunguka lakini haiwaki: rilei ya pampu, sensa ya krenki na kompyuta viko wapi?

Swali: Wakuu, gari la petroli, silinda 4. Starta inazungusha vizuri, haiwaki, na nikiwasha swichi pampu ya mafuta haisikiki. Nianzie wapi?

Jibu 1: Anza na rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayowasha pampu. Fungua boksi la fyuzi chini ya boneti. Mara nyingi mchoro uko ndani ya kifuniko. Rilei haipo humo? Tazama chini ya dashibodi. Kagua fyuzi yake, kisha weka rilei ya honi mahali pake, ila namba na mpangilio wa pini viwe vilevile. Kwa rilei ya pini 4: 85 na 86 ni koili (waya wa sumaku unaofunga swichi), 30 umeme unaingia, 87 unatoka kwenda pampu.

Jibu 2: Kagua sensa ya krenki nayo, inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Kompyuta ya injini isipoona krenki ikizunguka, kwa kawaida haiendeshi pampu zaidi ya sekunde chache za kuwasha swichi, wala haitoi cheche. Tafuta karibu na puli ya mbele, au pale injini inapoungana na giaboksi. Ichomoe utazame ncha: ya sumaku hukusanya chembe za chuma, na waya wake hupasuka kwa joto. Ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) kwa kawaida iko juu, kwenye silinda hedi, usizichanganye.

Jibu 3: Kompyuta ni ya mwisho kulaumiwa. Iko nyuma ya droo ya dashibodi, chini ya zulia la abiria, au karibu na betri. Toa hasi ya betri kabla ya kuchomoa soketi yake. Ukiona kutu ya kijani kwenye pini, maji yameingia.