Mrejesho: Kuvuka mkondo wa Kinasi kwa boti ya plaiwudi

Wakuu, niliuliza namna ya kuvuka kutoka Utende kwenda Jibondo, kule Mafia, kwa boti ndogo niliyoiunda mwenyewe, maana mkondo wa Kinasi, mlango wa ghuba, ulikuwa unanivuta nje baharini. Asanteni sana, sasa navuka salama.

Kilichosaidia zaidi ni kuchagua maji. Navuka siku za maji mafu, yaani yanapopanda na kushuka kidogo, mwezi ukiwa nusu. Bamvuo, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, naliacha kabisa: maji pwani yetu wakati huo hupanda na kushuka karibu mita 4, na pale yanabanwa mlangoni. Naondoka yanapomalizia kujaa, ili kasia likivunjika nisukumwe ndani ya ghuba, si bahari kuu. Saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kupwa (kushuka) siingii hata kwa kubembelezwa. Ndipo yanapokimbia zaidi.

Omo, yaani mbele ya boti, naielekeza upande mkondo unakotoka, huku nikitazama mnazi na paa lililo nyuma yake. Vikiachana, najua nachukuliwa.

Bado kusi, upepo wa kutoka kusini, linanitisha: upepo ukipingana na mkondo, mawimbi husimama na boti fupi huchota maji. Aliyewahi kuongeza ubao juu ya mbavu za boti ili ziwe ndefu zaidi, naomba anieleze alivyofanya.