Modeli ya Garratt ya daraja la 59: kipimo gani?

Swali: Ndugu wakusanyaji, injini 34 za mvuke za daraja la 59 (class 59) za Reli ya Afrika Mashariki, za aina ya Garratt, yaani boila katikati iliyobebwa na fremu mbili za magurudumu, zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester, Uingereza na kupewa majina ya milima yetu, zinastahili modeli. Mngeitamani kwa kipimo gani?

Jibu: Ningechagua 1:87 (modeli ndogo mara 87 kuliko injini halisi), kwani reli yetu ya upana wa mita moja kwa kipimo hicho hukaribia milimita 12, upana ambao wenye modeli za treni za Uswisi wameuzoea, na injini nzima ingefikia takriban sentimita 36.

Jibu: Naafiki, ila rangi isikosewe. Namba 5918, Mount Gelai, iliyopo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, ni ya damu ya mzee iliyokolea, wala si nyekundu.

Muulizaji: Nashukuru. Nami naomba maungio ya fremu zote mbili yapinde kweli kwenye kona.