Gumzo la Ukoo: Waifai ya Tabata Imegoma Tena

[12:38 jioni] Mama Zuhura: Jamani nimechoka. Intaneti ya hapa nyumbani imegoma tena. Alama ya waifai imejaa kabisa, lakini ukifungua kitu hakifunguki. Kesho nawapigia hawa watu waje wachukue kifaa chao, natafuta kampuni nyingine.

[12:40 jioni] Zuhura: Mama usikate leo tafadhali 🙏 Saa 2 nina jaribio la chuo, la mtandaoni. Bando langu limeisha tangu mchana.

[12:41 jioni] Baba Mdogo Hamisi: Poleni shemeji. Mbona mimi huku chumba cha uani napata vizuri tu? Hata sasa hivi naangalia taarifa ya habari.

[12:42 jioni] Mama Zuhura: Ndiyo inayonichosha hiyo. Juzi ilikuwa simu yangu, jana televisheni, leo kompyuta ya Zuhura. Haina mpangilio.

[12:47 jioni] Idrisa: Shikamoo mama mkubwa. Shikamoo baba mdogo. Shikamoo bibi. Niko Mwanza, tunafunga kamera kwenye ghala, ndiyo kwanza nashuka kwenye ngazi. Mama mkubwa usimpigie mtu kwanza. Naomba picha ya kile kiboksi cheupe kidogo kilichopigiliwa ukutani karibu na mlango.

[12:47 jioni] Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Ile modemu?

[12:48 jioni] Idrisa: Siyo ile nyeusi yenye antena. Ile nyeupe, unaingia waya mwembamba wa njano kama uzi wa kushonea viatu.

[12:51 jioni] Mama Zuhura: 📷 Picha
Taa tatu za kijani. Moja inapepesa.

[12:53 jioni] Idrisa: Vizuri sana. Palipoandikwa LOS hakuna taa nyekundu?

[12:53 jioni] Mama Zuhura: Hamna. Mimi hivi vyote naviita modemu, sijui hata kipi ni kipi.

[12:58 jioni] Idrisa: Ngoja nieleze, maana hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Huo uzi wa njano ni faiba. Ndani yake hapiti umeme, unapita mwanga. Simu na kompyuta haziwezi kusoma mwanga wa faiba, kwa hiyo kiboksi cheupe kazi yake ni ukalimani: kinapokea mwanga kinautoa kama umeme kwenye waya wa kawaida, na kinarudisha vivyo hivyo. Mafundi wanakiita ONT. Modemu yenyewe ni mkalimani wa zamani, ile ya enzi za simu za mezani iliyokuwa ikilia kama redio inayotafuta stesheni. Ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde, basi. Jina limebaki, watu wanakiita hivyo kila kitu chenye taa. Na kampuni nyingine zinaweka mkalimani na ruta ndani ya boksi moja, ndiyo maana majina yamechanganyika.
Kwako viko viwili. Cheupe ni mkalimani. Cheusi chenye antena ndiyo ruta.
LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki: uzi umekatika njiani, au umepindishwa sana. Haikuwaka. Kwa hiyo uzi wa kampuni yako leo hauna kosa.

[1:02 usiku] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

[1:03 usiku] Zuhura: Bibi anasema hivi: "Mume wangu Idrisa, mimi nilijua hiyo intaneti inatoka juu kwenye setilaiti. Sasa uzi unatoka wapi? Na kama tatizo liko huko mbali mtalijuaje mkiwa mmekaa sebuleni?"

[1:08 usiku] Idrisa: Bibi mke wangu, umeuliza swali ambalo mafundi wengine hawajiulizi. Ya setilaiti ipo, lakini sehemu kubwa ya intaneti yetu inakuja chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika hapo Dar mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata 2010. Unakumbuka Mei 2024, nchi nzima mtandao ulikuwa kama umekata roho? Nyaya hizo mbili zilikuwa zimekatika baharini kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.
Na siku ile hakuna hata mmoja nyumbani aliyekuwa anapata vizuri, mnakumbuka? Wote tulilia sawa. Tatizo la nje huwakumba wote waliomo ndani. Leo baba mdogo anapata, Zuhura hapati, na wote mko kwenye waifai moja. Tatizo liko ndani ya nyumba.

[1:09 usiku] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:06)

[1:09 usiku] Zuhura: Anasema umesema kweli, endelea. Kaka, nimebakiza dakika 51.

[1:11 usiku] Idrisa: Sawa mdogo wangu. Kwenye kompyuta bonyeza waifai, ingia kwenye taarifa zake. Nitajie anwani ya IP, yaani namba ya kifaa chako kwenye mtandao, na lango, yaani namba ya boksi linalokutoa nje. Baba mdogo naomba na wewe uangalie kwenye simu yako.

[1:14 usiku] Baba Mdogo Hamisi: IP 192.168.1.14. Lango 192.168.1.1

[1:16 usiku] Zuhura: Mimi 192.168.0.103. Lango 192.168.0.1

[1:16 usiku] Idrisa: Hapo hapo. Hizo namba za tatu hazifanani, 1 na 0. Mama mkubwa, kuna kitu chochote kipya kimechomekwa nyumbani wiki hii?

[1:19 usiku] Baba Mdogo Hamisi: Ni mimi Idrisa. Jumamosi nilinunua ruta ya mtumba Kariakoo nikaiweka kwenye korido, maana huku uani nilikuwa sipati kitu na mama anapenda kuongea na Salma kwa video akiwa chumbani kwake. Nikavuta waya kutoka ile kubwa. Niliona imewaka na chumbani kwa mama ikashika, nikajua nimesaidia. Shemeji nisamehe, sikujua kama ndiyo imeleta haya.

[1:20 usiku] Mama Zuhura: Hapana shemeji, usijali. Ulimfikiria mama. Idrisa, sasa tufanyeje?

[1:21 usiku] Idrisa: Baba mdogo, ule waya kwenye hiyo ya mtumba umeuchomeka tundu gani? Kuna manne ya rangi moja, na moja limejitenga, rangi yake tofauti, limeandikwa WAN, yaani la kutokea nje.

[1:22 usiku] Baba Mdogo Hamisi: Kwenye yale manne.

[1:23 usiku] Idrisa: Basi chomoa huo waya sasa hivi, iache ruta ya korido peke yake, uzime kabisa. Zuhura zima waifai ya kompyuta, hesabu mpaka kumi, washa.

[1:26 usiku] Zuhura: IMEFUNGUKA!! 192.168.1.17. Ukurasa wa chuo umefunguka 😭 Asante kaka. Asante baba mdogo.

[1:27 usiku] Mama Zuhura: Alhamdulillah. Lakini mimi nataka kuelewa. Kwa nini vifaa viwili vigombane wakati vyote ni vya kusaidia?

[1:35 usiku] Idrisa: Mama mkubwa, mchukulie mjumbe wa nyumba kumi. Familia mpya ikihamia, yeye anaipa namba na kuionyesha njia ya kutokea barabarani. Ruta inafanya hivyo hivyo. Simu ikiingia kwenye waifai inapiga kelele, "Nipeni namba jamani!" Ruta inaijibu: namba yako ni hii, na ukitaka kutoka nje pitia lango hili. Ugawaji huo kwenye setingi unaitwa DHCP.
Sasa tangu Jumamosi mlikuwa na wajumbe wawili kwenye mtaa mmoja. Simu ikipiga kelele wanasikia wote, na anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Ukijibiwa na yule wa sebuleni, unaelekezwa njia ya kweli. Ukijibiwa na yule wa korido, anakwambia "pitia kwangu", na yeye kwake hakuna njia ya kutokea, tundu lake la WAN halina kitu. Unabaki umeshika waifai safi, alama zimejaa, huna pa kwenda. Waifai ni maongezi ya simu yako na boksi lililo karibu tu. Boksi likishaupokea ujumbe linaupeleka wapi, hilo ni jambo jingine.
Baba mdogo alikuwa anapata kwa sababu aliwahi mjumbe wa kweli. Kesho ingeweza kugeuka kwake.

[1:37 usiku] Baba Mdogo Hamisi: Sasa nimeelewa. Swali moja: ofisini kwetu Buguruni nako namba zinaanza 192.168. Inakuwaje tufanane na nyumbani?

[1:41 usiku] Idrisa: Hizo ni namba za ndani, zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani, yeyote anaruhusiwa kuzitumia kwake. Mfumo wa zamani wa anwani unatoa kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi kila simu na kila televisheni. Kwa hiyo kwa kawaida nyumba nzima inatoka nje kwa anwani moja, na ruta inakumbuka nani ndani ya nyumba aliomba nini, ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Kazi hiyo mkalimani mweupe haifanyi, wala swichi haifanyi.

[1:42 usiku] Mama Zuhura: Swichi ya taa?

[1:44 usiku] Idrisa: Jina moja, vitu viwili mama mkubwa 😊 Hii ni boksi la kuongezea matundu ya waya. Kabla yake kulikuwa na habu: ukiipa ujumbe wa mmoja inawatangazia wote, kama konda anapaza sauti daladala nzima kuna mzigo wa mtu. Swichi inajua nani amekaa tundu gani, inampelekea mwenyewe. Haigawi namba na haina njia ya nje. Hamuihitaji, ruta yenu ina matundu manne na mnatumia mawili.

[1:46 usiku] Mama Zuhura: Na mimi mwezi huu nilikuwa naongeza kifurushi kutoka 20 niende 40, nikijua ndiyo dawa ya uani.

[1:52 usiku] Idrisa: Usiongeze! Hiyo 20 ni megabiti kwa sekunde, ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 2.5 kila sekunde. Video ya bibi na dada Salma haitumii hata robo yake. Tatizo la uani ni kuta. Ruta iko nyuma ya televisheni, katikati kuna kuta tatu za tofali na zege la nondo, halafu friji. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi lakini inashindwa na kuta haraka. Ya 2.4 inapenya zaidi, ila ndiyo wanayobanana majirani wote. Maji nayo yanaimeza, kwa hiyo hata lile simtanki linakula sehemu.
Baba mdogo, wazo lako lilikuwa sahihi kabisa, nasema kwa dhati. Wengi wananunua kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaka waifai na kuirusha tena. Vile vya bei nafuu vinasikiliza na kusema kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Wewe umevuta waya. Waya mzuri unafika hadi mita 100 bila kupoteza kitu. Umekosa setingi mbili tu.

[1:53 usiku] Baba Mdogo Hamisi: Nitajie. Niko nayo hapa mkononi na kompyuta yangu.

[1:59 usiku] Idrisa: Usiiunganishe na ya sebuleni bado. Iwashe, chomeka waya kutoka kompyuta yako kwenye moja ya matundu manne, fungua 192.168.0.1.
Kwanza: nenda LAN, yaani setingi za mtandao wa ndani, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, hifadhi. Itakutoa, chomoa waya urudishe, ingia tena kwa anwani hiyo mpya.
Pili: zima DHCP, hifadhi. Usianze na hii. Ukianza nayo unaweza kujifungia nje, kompyuta ikakosa namba kabla hujamaliza.
Kisha jina la waifai na nywila viwe vile vile vya sebuleni. Chaneli, yaani njia ya redio, ya 2.4, kama sebuleni ni 1 wewe weka 6 au 11 zisigongane.
Ukimaliza rudisha waya wa sebuleni kwenye tundu lile lile la zamani. Tundu la WAN usiliguse. Hapo itakuwa imeacha kazi ya mjumbe, inabaki kurusha waifai tu. Kifaa cha kazi hiyo peke yake kinaitwa aksesi pointi, na dukani wangekuuzia kama kitu kipya.

[2:00 usiku] Zuhura: Naingia kwenye jaribio. Naomba mtu asiguse ruta ya sebuleni mpaka nitoke 🙏

[2:01 usiku] Mama Zuhura: Hakuna atakayeigusa. Nimekaa mbele yake.

[2:02 usiku] Baba Mdogo Hamisi: Mimi nafanya hii ya korido pembeni, siunganishi mpaka Zuhura amalize.

[2:24 usiku] Baba Mdogo Hamisi: Idrisa nimeingia kwa 192.168.1.2. DHCP nimezima. Chaneli 11.

[2:25 usiku] Idrisa: Umemaliza kazi baba mdogo.

[3:04 usiku] Zuhura: Nimetoka. Maswali yote 30 nimejibu, haikukatika hata mara moja.

[3:05 usiku] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:19)

[3:06 usiku] Zuhura: Bibi anashukuru Mungu. Anauliza sasa anaweza kumpigia Salma akiwa amelala kitandani kwake?

[3:12 usiku] Baba Mdogo Hamisi: Nimeunganisha. Mama jaribu sasa.

[3:13 usiku] Idrisa: Zuhura angalia namba kwenye simu ya bibi.

[3:14 usiku] Zuhura: 192.168.1.21. Lango 192.168.1.1

[3:14 usiku] Idrisa: Mjumbe mmoja 👏🏾

[3:29 usiku] Mama Zuhura: Yuko na Salma huko chumbani, namsikia anamwonyesha shuka mpya. Shemeji asante sana. Kampuni simpigii mtu.

[3:33 usiku] Baba Mdogo Hamisi: 📷 Picha
Nimebandika karatasi juu ya ya korido: "192.168.1.2. WAYA HUU USIHAMISHWE TUNDU. MUULIZE HAMISI."