Mdogo wangu kampiga mtu aliyemtukania mama, sheria inasemaje?

mwana_newala:
Habari za humu ndugu zangu. Mdogo wangu yuko mahabusu hapa Newala. Juzi asubuhi walikuwa foleni ya mizani kwenye ghala la chama cha msingi, jamaa mmoja akamwambia korosho zako umechanganya na mawe, dogo akakataa, wakarushiana maneno mpaka yule akamtukania mama, tusi zito kabisa, na mama mwenyewe kasimama palepale na gunia lake. Watu wakawaamua, yakaisha. Jioni dogo akamfuata kijiwe cha kahawa akamtandika na mpini wa jembe, mdomo umechanika kashonwa nyuzi tatu. Sasa naambiwa ni miaka mitano! Yaani kutukaniwa mama mbele ya mama mwenyewe hakuna uzito wowote kwa sheria? Roho inaniuma sana.

karani mstaafu:
Pole sana kaka. Mitano ndo mwisho wa adhabu kwa shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 Kanuni ya Adhabu, hakimu anaweza kutoa chini ya hapo. Angempiga kibao bila jeraha ingekuwa shambulio la kawaida, mwisho mwaka mmoja. Angemtoa jicho ndo wangepanda kwenye madhara makubwa, mpaka saba.

Sasa hilo tusi. Wengi wanasikia "alichokozwa" wanadhani mtu anaachiwa. Kuchokozwa kunabadilisha kosa kwenye kesi ya kuua, mauaji ya kukusudia yanashuka kuwa kuua bila kukusudia, na hata hapo lazima awe katenda papo hapo kabla hasira haijapoa. Kwenye kupiga, kosa linabaki, ila akitiwa hatiani anaruhusiwa kuomba apunguziwe na hapo tusi linasikilizwa. Angerusha ngumi palepale kwenye mizani ningekwambia lina nguvu. Lakini dogo karudi nyumbani, kala, kachukua mpini, kaenda kumtafuta. Hakimu atauliza hayo masaa yote hasira ilikuwa wapi?

mama shangani:
Nakubaliana na karani. Ila na yule mtukanaji asibaki anatamba, matusi ya kuvunja amani nayo ni kosa, mama yako aende akafungue malalamiko na waliosikia wawe mashahidi. Pia usidanganywe na wanaosema mpe hela kesi ife, mlalamishi ni Jamhuri, yeye ni shahidi tu. Kumlipia matibabu na kumwomba radhi mbele ya wazee ni vizuri na hakimu atavihesabu, ila mwandikishiane. Dogo naye asijaribu kusema alikuwa anajihami, mtu alikuwa kakaa na kikombe mkononi.

mwana_newala:
Asanteni, nimeelewa hapo kwenye masaa. Nilikuwa nimeshampanga aseme alipiga palepale, nimeachana nalo, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imeandikwa usiku na mpini polisi wameushika kama kielelezo. Kesho nampeleka mama kituoni kwa lile tusi, halafu napitia kwa yule jamaa kuangalia mdomo unaendeleaje.