Rivolva za zamani za nikeli zenye mtutu mfupi: Colt Detective Special au Smith & Wesson Chiefs Special?

MkaziWaTexas
Habari zenu, ndugu zangu. Kwa miaka mingi nimekusanya saa za mfukoni, na sasa natafuta rivolva moja ya zamani iliyopakwa nikeli, yenye mtutu wa inchi mbili, niitunze kabatini na kuipiga mara chache kwenye uwanja wa shabaha. Ninaishi Texas na nina ukaazi wa kudumu. Nimeziona tatu. Colt Detective Special ya mwaka 1964 iko katika duka la hapa mjini kwa dola 1,300. Smith & Wesson Model 36, yaani Chiefs Special, ile yenye kitufe bapa cha kufungulia silinda, iko kwa mkusanyaji wa Ohio kwa dola 750. Ya tatu ni Iver Johnson inayokunjuka kwa juu ili kupakiwa risasi, inayong'aa kuliko hizo mbili, kwa dola 200. Naomba mnilinganishie, hasa upande wa nikeli, kwa sababu picha zote zinameremeta na sijui niamini ipi.

FundiNikeli
Karibu, kaka. Swali la nikeli ndilo litangulie, kwa kuwa bei ya rivolva ya aina hii hutegemea kama nikeli ilipakwa kiwandani au ilipakwa baadaye na fundi aliyetaka kuficha kutu.

Kwanza tazama maandishi. Fundi anayepaka upya husugua chuma kabla ya kukichovya, na kusugua huko hula kingo za herufi, huziviringisha pembe za fremu na kuacha mabonde madogo kuzunguka matundu ya skrubu. Ukiona vishimo vya kutu chini ya mng'ao, jua kwamba kutu ilitangulia nikeli. Tazama rangi pia: nikeli ina joto kidogo, kama fedha iliyochanganywa na tone la maziwa ya njano, ilhali kromu ni nyeupe yenye ubaridi wa bluu, na kromu kwenye silaha ya miaka hiyo ni dalili ya kazi ya baadaye.

Kwa Smith & Wesson kuna ushahidi mzuri zaidi. Kiwanda hakikupaka nikeli kifyatulio wala nyundo. Viliachwa na rangi yake ya chuma kilichogumishwa kwa moto, yenye mawingu ya kahawia na buluu. Kama kifyatulio nacho kinang'aa kama kioo, uliza maswali. Kisha fungua mpini utazame fremu iliyofichwa: nyota iliyogongwa karibu na namba ya silaha, pamoja na tarehe upande wa fremu, humaanisha kwamba silaha ilirudi kiwandani kufanyiwa kazi upya. Hiyo si aibu, lakini bei yake si ile ya nikeli ya awali.

BintiMvita
Naongezea historia, kwa sababu mkusanyaji hununua na historia pia. Detective Special ilitoka mwaka 1927, ikiwa na risasi sita za .38 Special ndani ya fremu ndogo, na kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na mshindani wa kweli wa ukubwa huo. Smith & Wesson walijibu mwaka 1950 kwa rivolva ya risasi tano iliyo ndogo zaidi, wakaionyesha katika mkutano wa wakuu wa polisi uliofanyika Colorado Springs, na wakuu hao ndio waliopiga kura ikaitwa Chiefs Special. Namba ya Model 36 ilianza mwaka 1957. Kwa hiyo ukifungua silinda na usiione namba hiyo kwenye fremu, huenda umeshika ya miaka ya mwanzo, na hapo usiharakishe kuiacha. Kitufe bapa kiliondolewa katikati ya miaka ya 1960.

MzeeWaShabaha
Mwanangu, mimi nimetunza za aina zote mbili. Colt ina ulaini wa kuvuta ambao sijauona kwingine, lakini mashine yake hutegemea vipande vinavyochakaa kwa namna yao, na mafundi wanaojua kuvirekebisha wanazidi kupungua. Ukishahakikisha kwamba haina risasi, vuta nyundo polepole huku kidole kikizuia silinda kwa wepesi. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake, na itakaza zaidi ukibana kifyatulio. Ikichelewa, punguza bei au uondoke. Model 36 ni rahisi kuishi nayo: springi yake kuu ni ya mviringo na vipuri vinapatikana. Kama unataka kuipiga, chukua hiyo.

Iver Johnson usiipige kabla ya kujua ni ya mwaka gani. Zile za kabla ya 1909 zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na risasi za leo zinaweza kuipasua. Nikeli ilipendwa sana enzi hizo kwa sababu baruti nyeusi huacha masalia yanayokula chuma, na uso wa nikeli ulifutika kwa urahisi.

Mwanasheria_Ohio
Kuhusu usafirishaji, sheria ya shirikisho hairuhusu mtu wa Ohio kukutumia bastola moja kwa moja nyumbani Texas. Lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako. Njia nyingine ni leseni ya mkusanyaji, ile ya aina ya 03 inayotolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kwa dola 30 kwa miaka mitatu, ambayo hukuruhusu kupokea silaha zilizotimiza miaka 50. Utalazimika kuandika kila unachopokea katika daftari, na leseni hiyo si ya biashara. Wasomaji wengine wazingatie kwamba ukaazi wa kudumu ni jambo moja na viza ya muda, ya masomo au ya kazi, ni jambo jingine: mwenye viza ya muda kwa kawaida amekatazwa kumiliki silaha, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa katika sheria.

MkaziWaTexas
Nawashukuru sana. Leo nimekwenda dukani na lenzi ninayotumia kwa saa. Farasi wa Colt aliyechorwa ubavuni amefifia hadi miguu haionekani, na skrubu mbili zimezungukwa na mabonde. Mwenye Ohio amenitumia picha za fremu bila mpini: hakuna nyota, hakuna tarehe, na kifyatulio kina mawingu yake. Nimeanza maombi ya leseni ya 03. Niitunzeje ikifika?

FundiNikeli
Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kemikali za kuilainisha hutia madoa. Usitumie dawa za kusafishia zenye amonia: mahali nikeli ilipopasuka, amonia inaweza kupenya na kushambulia shaba kama ipo chini yake, kisha nikeli hubanduka kama ganda la kitunguu. Futa kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi, paka nta kidogo mara mbili kwa mwaka, na dawa ya kung'arisha iache kabisa mpaka uone doa lisilotoka kwa njia nyingine.