Tupeane uzoefu: uliwahi kumuuliza kiongozi swali hadharani? Nini kilifuata?

Mpanda Alizeti (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila kijiwe nchi hii kina mchambuzi wa siasa. Baraza la mawaziri tunalivunja na kulipanga upya kabla kahawa haijapoa. Lakini uliza ni nani kati yetu aliwahi kunyanyua mkono mbele ya kiongozi, akataja jina na kitongoji chake, akauliza swali. Hapo watu wanaanza kuangalia saa.

Naanza mimi. Mwaka 2017, kijijini kwetu Singida. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Sisi tulikuwa hatujakaa mwaka na ushee. Siku hiyo tukaitwa chini ya mwembe, Mtendaji akafungua kaunta buku lake, akaanza kusoma: ushuru wa mnada kiasi fulani, ukarabati wa ofisi kiasi fulani, shajala, mafuta ya pikipiki. Mwisho akasoma haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua: "Mengineyo, laki nne na elfu kumi."

Nikanyanyua mkono. Nikauliza, mengineyo ni nini?

Watu wakacheka. Mtendaji akasema mengineyo ni mengineyo. Mwenyekiti akasimama, na badala ya kujibu akaniuliza, "Ndugu, kwani wewe ni wa chama gani?" Mkutano mzima ukageuka kunitazama. Kumbe swali la hesabu lina chama!

Wiki mbili baadaye binti yangu akahitaji fomu yake ya mkopo wa chuo isainiwe na kupigwa muhuri wa kijiji. Nikaenda ofisini, nikaambiwa muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikafika asubuhi sana, mlango uko wazi, muhuri umekaa juu ya meza, pembeni ya kikopo cha wino na andazi lililoliwa nusu. Nikasimama pale nautazama. Mtendaji akaingia, akaniona ninavyoutazama, akagonga muhuri bila neno.

Mkutano uliofuata ile "mengineyo" haikusomwa. Mahali pake pakasomwa "dharura".

Tangu hapo nikisikia mtu anabishana habari za Ikulu na Bunge namsikiliza tu. Serikali ninayoijua mimi ni ile yenye muhuri. Haya, karibuni. Simulieni yaliyowakuta wenyewe, siyo ya kusikia.

Kijana wa Stendi

Niliuliza swali kwenye mkutano wa mbunge. Nikapewa kadi ya chama na fulana. Swali bado ninalo, fulana imechanika.

Chaki Mstaafu

Mleta mada, mimi sikuuliza, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tukaambiwa waziri anakuja kuzindua madarasa mawili, na mimi kwa kuwa nina mwandiko mzuri nikapewa kazi ya kuandika risala. Nikaandika kurasa mbili. Ukurasa wa pili niliweka wazi kwamba wanafunzi ni zaidi ya 700 na matundu ya choo ni 6, na kati ya hayo 2 yametitia. Nikaipeleka kwa wakubwa ipitiwe, kama ilivyo desturi. Ikarudi na mstari wa kalamu nyekundu juu ya aya nzima ya choo, na pembeni pameandikwa: "changamoto ndogondogo".

Siku ya siku watoto waliimba ngonjera, mgeni rasmi akavishwa shada, nikasimama kusoma. Mfuko wa shati ulikuwa na risala zote mbili, ya kwanza na ile iliyosafishwa. Nikasoma iliyosafishwa. "Pamoja na mafanikio hayo, hatukosi changamoto ndogondogo." Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa. Wale watoto walionyoosha mistari mbele yangu walikuwa wanajua nilichoruka, maana ndio waliokuwa wakipanga foleni chooni kila mapumziko.

Risala ya kwanza ninayo mpaka leo, ndani ya Biblia.

Kijana wa Stendi

Mwalimu shikamoo. Ungesoma ile ya kwanza wangekufanya nini?

Chaki Mstaafu

Marahaba. Uhamisho.

Mama Wawili

Mimi niliuliza, na kwa muda mfupi nikaamini nimesikika.

2012, ile Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ilipozunguka kukusanya maoni. Walikuja kwenye kata yetu, Morogoro. Foleni ndefu, kila mtu anapewa dakika chache na kipaza sauti, kuna anayeandika na kuna anayerekodi. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja aliyetumia dakika zake zote kulalamikia bei ya mbolea, na walimsikiliza hadi mwisho bila kumkatisha. Hilo lilinipa moyo. Zamu yangu ilipofika nikasema: mbunge akitutelekeza tusisubiri miaka mitano, tuwe na njia ya kumwondoa. Na asikae bungeni mpaka azeeke mle.

Nilitetemeka magoti, msinicheke. Nilikuwa sijawahi kushika kipaza sauti nje ya kwaya.

Sasa rasimu ikatoka. Jirani akaja na nakala, tukaisoma wanne tumekaa mkekani. Na yale mambo yamo! Wapiga kura kuweza kumwondoa mbunge wao, na ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge. Najua ni maelfu waliosema kama mimi, lakini siku ile niliona kama ni sauti yangu imepigwa chapa.

Mliobaki mnajua hadithi ilivyoishia. Februari 2014 Bunge Maalum la Katiba likaanza Dodoma, na kitu cha kwanza tulichosikia kutoka huko ni mjadala wa posho, kwamba shilingi 300,000 kwa siku haitoshi. Aprili UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Oktoba ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa, na yale mawili yangu hayakuwamo tena. Fikiria mwenyewe: kifungu cha kumwondoa mbunge kimewekwa mezani mbele ya wabunge. Nani angejifukuza? Kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na mimi bado nasubiri hiyo kura.

Watu hutuambia wananchi hatujui katiba, tunataka maji na barabara tu. Mimi ni mama ntilie. Ile siku kata nzima ilifunga biashara kwenda kuongea habari za katiba.

Mwenyekiti Mstaafu wa Kitongoji

Naona wote humu ni waulizaji. Ngoja aongee aliyeulizwa.

Nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji 2014 hadi 2019. Mshahara wa kazi hiyo haupo. Mtu akipigana na mkewe saa nane usiku anakuja kugonga kwangu. Akipotelewa na mbuzi, kwangu. Maiti ikiokotwa mtoni nalala nayo nikisubiri polisi. Kwenye mikutano nasimama kusomea watu mipango iliyokatwa wilayani, ambayo na mimi nimeiona juzi.

Sasa mleta mada, nakujibu ile "mengineyo" yako, maana nadhani naijua. Akija mgeni kutoka wilayani, awe wa kilimo, wa chanjo au wa kukagua mradi, anafika saa saba mchana na dereva wake. Hawezi kuondoka na njaa, tutaonekana kijiji cha ajabu. Kuku anatoka kwa nani? Soda je? Hakuna kasma ya kuku kwenye vitabu vya serikali. Basi kuku anaandikwa mengineyo. Wakija wageni kumi kwa mwaka, hesabu inapanda.

Sisemi hakuna walaji. Wapo, na wengine niliwatumikia. Ila aliyekula kuku wa kijiji ndiye huyo huyo anayerudi mwaka ujao kukagua vitabu na kuuliza mengineyo ni nini.

Mpanda Alizeti (mleta mada)

Mwenyekiti, heshima yako. Hili la kuku sikuwahi kuliwaza, na limenikalia vibaya. Lakini kama ni kuku, si muandike kuku? Tungecheka siku moja, halafu tungejua.

Mwenyekiti Mstaafu wa Kitongoji

Tukiandika kuku, mkaguzi aliyemla ataukataa ukurasa.

Bodaboda Mwenye Leseni

Yangu ni ya mikopo ya asilimia 10, ile ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi chetu tulikuwa watu kumi, katiba ya kikundi tunayo, akaunti tunayo, andiko tumelipa mtu kutuandikia. Mwaka wa pili tunaambiwa "mnashughulikiwa".

DC, yaani mkuu wa wilaya, akaja mkutano wa hadhara. Nikaruka foleni, nikashika kipaza sauti, nikamwaga yote. DC akageuka: "Afisa maendeleo yuko wapi? Simama! Njoo hapa mbele!" Yule dada akasimama, faili limekumbatiwa kifuani. "Kwa nini vijana hawa hawajapata?" Dada anajaribu kueleza kwamba waliorejesha mikopo ya nyuma ni wachache, DC anamkata: "Sitaki hadithi, Jumatatu waje ofisini kwako wapate majibu!" Mkutano ukalipuka kwa shangwe na vigelegele. Nilibebwa juu juu, nakwambia.

Jumatatu tukaenda. Dada alitukarimu, akatufungulia kompyuta, akatuonyesha: fedha iliyotengwa, fedha iliyoingia kweli, na vikundi vilivyotangulia. Yote aliyotaka kusema pale uwanjani yalikuwa kweli. Tukaendelea kusubiri foleni yetu, halafu Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu uangaliwe upya. Ilipokuja kurudi, nusu ya kikundi walishatawanyika.

Kinachonirudia ni yale makofi. Tumezoea kiongozi mkubwa asimamishe msafara barabarani, amuite mdogo, amfokee mbele yetu, tuone serikali inafanya kazi. Enzi za Magufuli tuliyaona hayo kwenye runinga mpaka yakawa kama mechi. Nami nilipiga makofi kuliko wote. Yule dada bado tunapishana mjini, ananisalimia vizuri tu, na mimi ndiye ninayeangalia chini.

Mjukuu wa Bibi Tanga

Bodaboda, hapo sikuungi mkono. Bibi yangu mjane alidhulumiwa kiwanja, akazunguka miaka sita: baraza la kata, ofisi ya ardhi, baraza la ardhi la wilaya, kote "njoo wiki ijayo". Siku mkuu wa mkoa alipokaa kusikiliza kero, bibi aliingia na mfuko wa rambo umejaa karatasi, akatoka baada ya robo saa na barua mkononi. Robo saa! Mtu akifokewa ili bibi yangu apate haki yake, afokewe.

Bodaboda Mwenye Leseni

Dada, nafurahi kwa ajili ya bibi. Ila wangapi wenye mfuko wa karatasi siku hiyo hawakufikiwa na zamu?

Mjukuu wa Bibi Tanga

Wengi. Foleni ilizunguka jengo. Hilo silikatai.

Fomu Namba Moja

Mimi niliona kuuliza hakutoshi, nikataka niwe ninayeulizwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 nikachukua fomu kwa tiketi ya upinzani. Nikaenguliwa, kama walivyoenguliwa wagombea wengi wa upinzani mwaka ule. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema sikujaza fomu kwa usahihi. Kosa ni lipi, haikusema. Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika miaka tisa.

Mama Wawili

Mleta mada, umetusimulisha wote, sasa maliza yako. Binti alipata mkopo? Na mkutano mnakaa siku hizi?

Mpanda Alizeti (mleta mada)

Binti alipata asilimia kadhaa, akamaliza, sasa yuko nyumbani anasubiri ajira kama wenzake. Ndiye aliyenipigia picha tangazo la mkutano jana, limebandikwa kwenye mwembe ule ule. Agenda: 1. Kufungua kikao. 2. Kusoma muhtasari uliopita. 3. Mapato na matumizi. 4. Mengineyo. 5. Kufunga.

Nitanyanyua mkono kwenye namba 3. Ikifika namba 4 watu huwa wameshakwenda kufungulia ng'ombe. Na Mwenyekiti, safari hii nitauliza moja kwa moja: kuku wangapi?