Wezi wa kuku wamenimaliza, nikiweka umeme kwenye fensi mtu akafia ndani kwangu nina kesi?

mfugaji_mkuranga:
Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kwanza maana nina hasira za kutosha.

Nafuga kuku wa mayai huku Mkuranga, mabanda mawili. Nilianza na kuku 640, leo asubuhi nimehesabu 511, waliokufa kwa ugonjwa ni 20 tu, hao wengine wote wameibiwa. Mara ya kwanza walibeba 31, wiki mbili mbele 38, juzi Jumamosi 40 na magunia mawili ya chakula juu, yani wamekuja kama wameagizwa na mama mwenye nyumba. Kuripoti nimeripoti, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, nikaambiwa "ukiwajua njoo utuambie", sasa ningewajua ningekuja na RB kufanya nini.

Kuna fundi hapa mtaani kaniambia atavuta waya mtupu kutoka soketi ya bandani azungushie juu ya wavu wote, nawasha saa nne usiku nazima alfajiri, anasema we upo ndani kwako, huyo mwizi kamtuma nani. Nusu ya hela nishampa. Wife amegoma kabisa anasema ntafungwa. Ndo nauliza, mtu karuka ukuta wangu usiku kuja kuiba mali yangu akanaswa akafa, kesi inakuwa yangu kivipi?

chuma_chakavu:
Weka mkuu tena usizime hata mchana. Leo kuku kesho anaingia na panga chumbani. Mwizi hana haki.

baba_nasra:
Af ubandike kibao HATARI UMEME, akija basi amejitakia mwenyewe.

wakili_wa_kijiweni:
Mimi sio wakili, hili jina nilijipa kwa utani, ila nimekaa masjala ya mahakama miaka 11 nafungua mafaili na kuyafunga, na watu wa aina yako nimewaona wengi, wanaingia wakiwa walalamikaji wanatoka washtakiwa.

Haki ya kulinda mali yako ipo, usidanganywe kwamba sheria inataka ukae umuangalie mwizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vidogo vyake. 18A inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwenzio, kulinda mali yako na hata mali ya mtu uliyoachiwa uitunze. Shida inaanza 18B, hapo wanasema nguvu iwe ile ya lazima na ya kiasi tu, ukizidisha unawajibika kwa kosa lolote litakalotokea, na ukiua kwa kuzidisha hiyo ni kuua bila kukusudia, ambayo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Sasa waya wako utajuaje kiasi? Mtu mwenye rungu anaweza kupima, mwizi akikimbia anaacha, akitoa kisu anaongeza. Waya haupimi. Anayekuja na panga na mtoto anayefata mpira wake wote kwake ni sawa.

mfugaji_mkuranga:
Mkuu nimesoma hiyo 18C, mbona inasema hata ukiua unalindwa kama mtu kavunja nyumba usiku au kanyang'anya au kachoma moto? Si ndo huyu wangu?

wakili_wa_kijiweni:
Umesoma nusu af ukafurahi. Isome mpaka mwisho. Inataka uwe na nia njema na uamini kweli, kwa sababu za maana, kwamba ulichofanya kilikuwa cha lazima, na hilo tukio la kuvunja liwe katika mazingira ya kukutia hofu kwamba usipojihami kuna madhara makubwa yanakuja. Mtu kavunja mlango umelala na watoto, kuna giza, hujui kabeba nini, hapo mahakama inakuelewa vizuri tu, haiwezi kukudai uwe na utulivu wa hakimu saa nane usiku. Ila wewe umelala zako nyumba kubwa, yeye yuko bandani nyuma huko anatia kuku kwenye kiroba. Utaulizwa kizimbani ulimuogopa saa ngapi? Hata hukujua kama kaja, umemkuta asubuhi amekauka.

Na kuna baya zaidi. Hiyo yako inaweza isiishie kwenye kuua bila kukusudia. Ulinunua waya, ukaleta fundi, ukawa unawasha saa nne kila siku ukijua umeme unaua. Mwendesha mashtaka akitaka anaiita mauaji, na kesi ya mauaji haina dhamana, itaanzia mahakama ya chini ambako hata kujibu shtaka huruhusiwi mpaka ipande Mahakama Kuu, wewe uko mahabusu muda wote huo. Hao kuku 511 atalisha nani?

chuma_chakavu:
Kwahiyo sheria inamlinda mwizi. Ndo maana wananchi wanajichukulia.

mama_trei:
Chuma mdogo wangu ngoja nikusimulie, hii huwa siisemi.

2016 kijana aliingia kwangu mchana akatoka na mtungi wa gesi, nikamuona nikapiga kelele mwiziii. Nilichotaka ni mtungi wangu tu. Dakika mbili watu wamejaa, bodaboda nisiowajua hata sura, mawe, mti, mmoja anauliza petroli iko wapi. Nikaanza kulia nawaambia muacheni basi mtungi nimeshaupata, nani anisikilize. Yule kijana alifia hospitali usiku uleule.

Polisi walipokuja wale bodaboda hakuna hata mmoja, wamekamatwa wa hapahapa mtaani, akiwemo mtoto wa jirani yangu ambaye yeye alimshika miguu asikimbie, ngumi hata moja hakurusha. Akaambiwa mlikuwa na nia moja. Amekaa mahabusu mpaka baba yake akauza kiwanja kuhangaikia kesi. Mama yake hanisalimii mpaka leo, tunapishana kisimani kama hatujuani. Mtungi wa gesi tena ulikuwa umeisha gesi.

chuma_chakavu:
Pole dada.

fundi_stima:
Mimi ni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji), huyo fundi wako mkuu muogope kuliko hao wezi. Umeme wa soketi ni volti 230 na unakuja mfululizo, mtu akishika misuli inakaza hawezi kuachia, hapo ndo anapofia. Wavu wako ni wa chuma na mvua za huku unazijua, siku waya ukigusa wavu banda zima lina umeme, ataanza kufa kijana wako wa kuokota mayai sio mwizi. Au wewe mwenyewe ukisahau kuzima alfajiri.

Fensi ya umeme unayoiona kwenye majumba ya watu ni kitu kingine kabisa. Ile ina mashine yake inatoa mpigo mfupi sana kama mara moja kwa sekunde, volti zipo juu ila mpigo unapita haraka, unarushwa unaachia. Inauma vibaya mno ila imetengenezwa ifukuze isiue. Kama unataka umeme weka hiyo, ifungwe na mtu anayejua, juu ya ukuta mtoto asipofikia, vibao pande zote. Kibao peke yake juu ya waya mtupu hakikuokoi @baba_nasra, kinathibitisha tu kwamba ulikuwa unajua.

mtoto_wa_ujiji:
Hapo kwenye kibao nimecheka. Mimi nipo Des Moines, Iowa, na huku kuna kesi kama hii hii wanafunzi wa sheria Marekani nzima wanaisoma, Katko na Briney. Jamaa Briney na mkewe walikuwa na nyumba ya urithi shambani, haikai mtu, inavunjwa kila mara, wakaweka vibao vya kukataza watu wapi. 1967 mzee akafunga shotgun kwenye kitanda, akavuta waya mpaka kitasa cha mlango, ukifungua tu inalipuka. Mwanzo aliielekeza usawa wa tumbo, mkewe ndo akamwambia ishushe ipige miguu. (Wake wa watu wana akili, msikilize wa kwako.)

Katko akaingia kutafuta chupa na mitungi ya zamani, akapigwa mguu ukaharibika vibaya. Yeye mwenyewe alikiri wizi mdogo akapigwa faini dola 50. Af akamshtaki mwenye nyumba. Baraza la wazee wa mahakama likampa dola 20,000 za fidia na 10,000 juu yake za kumuadabisha Briney, na Mahakama ya Juu ya Iowa ikakubali 1971. Kwa pesa ya wakati ule hapo unauza shamba. Na hawakusema mwizi ana haki ya kuiba, walisema kile ambacho usingeruhusiwa kumfanyia ukiwa umesimama pale, huwezi kuutuma mtambo ukufanyie ukiwa haupo.

baba_nasra:
Kumbe. Sasa akimkuta live anaruhusiwa nini?

wakili_wa_kijiweni:
Kumkamata anaruhusiwa, mwenye mali anaweza kumkamata mtu aliyemkuta anafanya kosa kwenye mali yake bila hati yoyote, ila amkabidhi polisi bila kuchelewesha. Akigoma unatumia nguvu ya kumdhibiti. Akikushambulia unajihami, na hapo nguvu inapanda kulingana na anachokuletea. Akitupa kuku akakimbia mfukuze, mdake ukiweza, ila panga la kisogo kwa mtu anayekimbia huo sio ulinzi tena.

Na kinachofunga wengi nilioona ni kile kipigo cha baada. Mtu keshafungwa kamba yuko chini, watu wanakunywa chai wanarudi kumpiga awamu ya pili. Ndugu zake wanakwenda kuchukua PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), daktari anajaza mkono umevunjika, kesho una kesi ya kujeruhi na yeye kesi yake ya kuku ipo palepale, mnakutana korido moja.

shamba_darasa:
Mtoa mada samahani, watu wote wameongelea waya. Mi nina maswali mengine. Mbwa unao? Walibweka? Na hayo magunia ya chakula yanakaa wapi?

mfugaji_mkuranga:
Mbwa ninao wawili wakali, aisee hawakubweka hata siku moja. Chakula kinakaa stoo ya nyuma, mlango wake huwezi kuuona ukiwa nje.

shamba_darasa:
Nani alikuwa anawapa chakula hao mbwa?

mfugaji_mkuranga:
Kuna kijana nilimuachisha mwezi wa tatu.

baba_nasra:
😂😂😂 Fundi wa waya asamehewe tu

mama_trei:
Mliachana vizuri?

mfugaji_mkuranga:
Sio vizuri sana. Kuna mishahara ya miezi miwili sikummalizia, bei ya mayai ilikuwa imeshuka nikamwambia avumilie, akaondoka kanuna.

wakili_wa_kijiweni:
Haya, najua unachowaza muda huu. Usimfate kwake usiku na vijana. Hujamuona, mbwa hawatoi ushahidi, na ukimpiga umechanganya wizi usio na ushahidi na kipigo chenye ushahidi. Rudi kituoni na hiyo RB yako sasa una jina la kuwapa, wao wamuulize. Pitia na kwa mwenyekiti wa mtaa. Badilisha kufuli, stoo hamisha, taa ziwake nyuma. Na mshahara wa mtu lipa, hata kama ni yeye, yale ni madai yake mengine kabisa.

mfugaji_mkuranga:
Wakuu mrejesho. Juzi nilikwenda kituoni, jina limeandikwa. Nimeweka taa mbili na kufuli mpya, nalala stoo na filimbi. Yule kijana nimempa hela yake kupitia mwenyekiti, aliipokea hakuniangalia usoni, sijui aibu sijui hasira. Usiku huu wa nne hajaja mtu.

Ila yule fundi hela yangu hataki kurudisha, anasema waya keshanunua. Nikimfata kwake nikachukua waya kwa nguvu inakuwaje?

wakili_wa_kijiweni:
Fungua uzi mwingine.

mama_trei:
Trei unauzaje huko, nina oda ya shule.